Vidole Chini ya Sanda: Kisa cha Mnara wa Charlotte, Windsor

Ndani ya Kanisa la Mtakatifu George, kwenye ngome ya Windsor nchini Uingereza, kuna kikanisa kidogo cha pembeni kiitwacho Urswick. Humo imesimama kazi ya marumaru nyeupe iliyokamilika mwaka 1824, na ina sehemu mbili, ya chini na ya juu.

Chini imelazwa maiti. Imefunikwa shuka kuanzia utosini hadi nyayoni, na kwa jinsi kitambaa kilivyolala unatambua bega, nyonga na goti. Uso hauonekani kabisa. Kwenye ukingo wa shuka vimetokeza vidole vya mkono mmoja, na hiyo ndiyo nyama pekee unayoonyeshwa. Pembeni wameinama waombolezaji wanne, nao wamejigubika hata huwezi kujua kama wanalia au wamechoka kulia.

Ukiinua macho unakutana na habari nyingine kabisa. Mwanamke yuleyule anatoka kaburini na kupaa, nguo imemteleza kifuani, macho yako mbinguni. Kuna malaika wawili, na mmoja wao amempakata mtoto mchanga.

Mwanamke huyo ni Charlotte Augusta, binti pekee wa George aliyekuwa Mtawala Mwakilishi wa Uingereza, yaani aliyetawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa, George III, na baadaye akawa Mfalme George IV. Alifariki usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba 1817, akiwa na miaka 21, saa chache baada ya kujifungua mtoto wa kiume aliyezaliwa mfu. Mnara huu wa kumbukumbu ulilipiwa na michango ya wananchi. Wajuzi wengi wa sanaa wameuona kuwa umezidisha machozi, na mimi kwa nusu nakubaliana nao. Lakini kuuita wa machozi tu na kuondoka ni uvivu. Kisa hiki kinataka kuulizwa maswali mengine: watu waliotoa fedha zao walitaka kuona nini, na walikuwa radhi kutokuona nini?

Tumaini la familia isiyopendwa

Mwaka 1817 Mfalme George III alikuwa hai lakini akili yake ilikuwa imeshaondoka. Alikuwa na watoto 12 waliokuwa bado hai, wote watu wazima, na katika wote hao mjukuu halali alikuwa mmoja tu: Charlotte. Walioshangaza ni baba zake wadogo, wanaume wa makamo walioishi na wapenzi wao na kuzaa nao watoto ambao sheria haikuwatambua kurithi kiti.

Baba yake hakupendwa. Alikuwa mtumiaji mkubwa wa fedha wakati nchi ilikuwa imetoka vitani, mkate ni ghali na askari waliorudi hawana kazi. Alimchukia mkewe, Caroline wa Brunswick, wakatengana mara tu baada ya mtoto kuzaliwa Januari 1796, na binti akakua akivutwa huku na huku. Alipofika miaka 18 alimkataa mchumba aliyetafutiwa, mrithi wa kiti cha Uholanzi. Baba alipotaka kumbana na kuwafukuza wahudumu wake, Charlotte alitoka nyumbani mbio, akapanda gari la farasi la kukodi barabarani kama mtu yeyote, akaenda kwa mama yake. Alirudishwa siku iliyofuata, lakini habari ilishasambaa London nzima na watu walikuwa upande wake.

Mei 1816 aliolewa na aliyemtaka mwenyewe, Leopold wa Saxe-Coburg, mwanamfalme wa Kijerumani asiye na mali. Wakahamia Claremont, nyumba ya mashambani kule Surrey, wakaishi kwa utulivu na mapenzi ya wazi. Kwa watu waliochoshwa na vituko vya baba, hiyo ilikuwa ahadi ya utawala wa namna nyingine. Alipopata mimba, nchi ilihesabu miezi pamoja naye.

Claremont, tarehe 3 hadi 6 Novemba

Aliyesimamia uzazi alikuwa Sir Richard Croft, daktari aliyezalisha wake wa mabwana wakubwa. Kwa desturi za wakati ule Charlotte alipunguziwa chakula wakati wa ujauzito na kutolewa damu mara kwa mara. Siku ya kutarajiwa ilipita. Uchungu ulimshika jioni ya Jumatatu tarehe 3 Novemba, ukaendelea takriban saa 50. Koleo za kuvutia mtoto zilikuwa tayari lakini Croft hakuzitumia, kwani madaktari wa kizazi chake walifundishwa kuyaachia maumbile yafanye kazi yake. Usiku wa Jumatano alizaliwa mtoto wa kiume, mkubwa, mzuri wa sura, na hakupumua. Walijaribu kumhuisha wakashindwa.

Mama alionekana kustahimili. Alikula kidogo. Yapata usiku wa manane hali ikabadilika: kutapika, baridi, pumzi kukata, maumivu ya tumbo. Leopold, aliyekuwa hajalala muda wote, alikuwa amepewa dawa ya usingizi na yuko chumba kingine. Daktari wake binafsi, Stockmar, alikuwa amekataa tangu mwanzo kujiingiza katika matibabu, akijua kwamba mambo yakiharibika lawama itamwangukia mgeni. Sasa aliitwa. Charlotte alimshika mkono akamwambia kwamba wamemlevya. Saa nane na nusu hivi za usiku akakata roho, na Stockmar ndiye aliyekwenda kumwamsha mume.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 13 Februari 1818, Croft alikuwa nyumbani kwa mwanamke mwingine ambaye uzazi wake nao ulikuwa mgumu. Akajipiga risasi. Familia ya kifalme ilikuwa imekwisha kumwambia kwamba haina lawama naye.

Mama, mtoto, daktari. Kwenye marumaru ya Windsor wamo wawili.

Nchi yavaa nyeusi

Maduka yalifungwa, mahakama zikafungwa, soko kuu la biashara la London nalo likafungwa. Wauza vitambaa waliishiwa kitambaa cheusi, na hata waliokuwa hohehahe walifunga utepe mweusi mkononi. Watengeneza riboni na nguo za rangi waliona njaa inakuja, wakaiandikia serikali kuomba muda wa maombolezo ufupishwe. Mwanasiasa Henry Brougham aliandika baadaye kwamba ilikuwa kana kwamba kila nyumba ya Uingereza imefiwa na mtoto wake kipenzi. Wanaokumbuka Septemba 1997 na mashada yaliyorundikana mbele ya Kasri la Kensington kwa ajili ya Diana watapata picha, ingawa mwaka 1817 hakukuwa na televisheni ya kuwachochea.

Kisha vikaja vitu vya kununua. Viwanda vya vyombo vya udongo vilikuwa tayari na mbinu ya kuhamisha picha kutoka kwenye bamba la shaba hadi kwenye kikombe, hivyo haikuchukua muda sokoni kukawa na vikombe, sahani na birika zenye maombolezo ya Charlotte. Kulikuwa na medali, na picha za kuchapwa za kila bei, na pete na vibweta vya shingoni vya matajiri. Mchoro uliorudiwa zaidi ni mmoja: kaburi lenye jina lake, mti wenye matawi yanayoning'inia, na Britannia, yule mwanamke mwenye ngao anayesimama badala ya taifa, ameegemea jiwe analia. Ni kama fulana zetu za msibani zenye picha ya marehemu kifuani; anayeivaa hakuja kuhakiki ubora wa picha.

Waliopanda juu kidogo walipata michoro ya kupaa. Mchoraji Henry Howard alimchora Charlotte akichukuliwa mbinguni mnamo 1818. Washairi nao hawakukaa kimya. Southey, aliyekuwa mshairi wa serikali, alitoa wimbo wa mazishi kama kazi yake ilivyomtaka. Byron, aliyekuwa amejihamishia Italia na asiyekuwa rafiki wa baba mtu hata chembe, naye alimwombolezea katika beti za shairi lake refu lililotoka mwaka 1818.

Hapo ndipo inapoanza hoja yangu. Watu hawa hawakukutana na Charlotte. Walichokuwa nacho ni taarifa za magazeti kuhusu chumba kilichofungwa, na zilieleza mambo ambayo kila nyumba iliyajua kwa uchungu wake yenyewe. Wanawake walikufa kwa uzazi kila siku, katika vibanda na katika majumba. Kwa mara ya kwanza kifo cha aina hiyo kilikuwa msiba wa kitaifa, wenye kengele na kitambaa cheusi. Aliyenunua kikombe chenye jina la Charlotte huenda alikuwa na jina jingine kichwani.

Kazi ya Wyatt

Kazi ilipewa Matthew Cotes Wyatt. Alikuwa mwana wa msanifu majengo mashuhuri, James Wyatt, na alianza kwa kupaka picha za darini pale pale Windsor. Si mchongaji wa daraja la kwanza, na aliyefuatilia kazi zake za baadaye anajua alivyopenda kumshtua mtazamaji. Aliwahi kuchonga mbwa wa tajiri mmoja, ukubwa wake kamili, kwa marumaru ya rangi mbalimbali na macho ya vito. Yuko hadi leo katika jumba la makumbusho la Victoria na Albert, London. Alitengeneza pia sanamu ya jemadari Duke wa Wellington juu ya farasi, kubwa kupita kiasi, ikapandishwa juu ya tao pale Hyde Park Corner mwaka 1846 na mji mzima ukaicheka.

Kwa hiyo kazi ya Charlotte ilimwangukia mtu aliyejua tamthilia, na kweli inafanana na jukwaa la tamthilia: kuna mapazia, kuna giza la kaburi nyuma, kuna mtu anayetokea juu. Ninachokistaajabia ni kwamba mtu wa namna hiyo, penye nafasi ya kuonyesha zaidi, akaamua kuficha.

Tulinganishe. Westminster Abbey, kanisa kubwa la London, kuna kaburi la Lady Elizabeth Nightingale, aliyekufa mwaka 1731 baada ya mimba kuharibika. Mchongaji Roubiliac alilichonga likakamilika 1761. Humo Mauti ni kiunzi cha mifupa kinachochomoza kwenye mlango wa chuma huku kimeelekeza mkuki kwa mwanamke; mume wake amenyoosha mkono kuukinga. Unaona uso wa mke unavyolegea na hofu ya mume. Ni kazi ya kutisha, na imekusudiwa kutisha.

Kizazi cha Wyatt hakikutaka tena mifupa. Kilitaka mauti yafanane na usingizi na kaburi lifanane na bustani. Ila usingizi mtamu usingetosha kwa Charlotte, kwa sababu kila mtu alikuwa amesoma habari za zile saa 50. Ungemchonga amelala akitabasamu, waliochanga wangejua unawadanganya. Ungemchonga alivyokuwa, wasingevumilia. Shuka ilimwokoa mchongaji. Kila anayeitazama anaweka chini yake anachokijua, na aliyewahi kuingia chumba cha maiti anajua zaidi.

Na vidole? Bila vidole lile ni umbo tu, zoezi la mchongaji la kukunja kitambaa katika jiwe. Vidole vinasema kuna mtu, tena kwamba aliyemfunika alifanya haraka, au mkono uliteleza, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuurudisha ndani. Ni kosa dogo la kawaida ambalo ndugu yeyote aliyeosha na kusitiri maiti angeliona mara moja na kulirekebisha. Kwenye mnara wa kifalme, penye kila kitu kimepangwa, kosa hilo ndilo lililopangwa kwa uangalifu kuliko vyote.

Sehemu ya juu ndiyo inayonipa taabu. Binti anayepaa ni mzuri mno, mwepesi mno, kifua wazi kwa desturi ya miungu wa Kigiriki, na uso hauna alama yoyote ya mtu aliyeteseka kwa siku mbili. Mtoto aliyekuwa mkubwa kiasi cha kushindikana kuzaliwa amekuwa kitoto laini mikononi mwa malaika. Siwadharau walioamini ufufuo. Wengi wao ndivyo walivyoamini, na waliyafuta machozi yao kwa imani hiyo. Neno langu ni la sanaa. Chini Wyatt anakuamini ufikiri mwenyewe. Juu anakushika kidevu akuelekeze pa kutazama.

Wasiokuwemo

Ukishatazama waliomo, hesabu wasiokuwemo.

Leopold hayumo, yeye aliyeongoza mazishi tarehe 19 Novemba na kuona jeneza likiteremshwa katika handaki la wafalme chini ya kanisa hilohilo, la mtoto likiwekwa miguuni pa mama. (Mnara wa Wyatt si kaburi, mwili uko kwingine chini ya sakafu.) Baba hayumo. Hakuwepo Claremont wakati wa uzazi, hakuhudhuria mazishi, na wananchi waliochanga walilijua hilo. Mama hayumo, alikuwa Italia, na mumewe hakujali kumwandikia kwamba mtoto wao wa pekee amekufa. Habari alizisikia kwa wapita njia. Britannia wa kwenye vikombe naye hayumo, wala taji, wala simba.

Waliobaki ni wanne wasio na nyuso. Wanaweza kuwa yeyote, na nadhani ndilo lililokusudiwa: nafasi ya ndugu imechukuliwa na watu wasiojulikana majina, yaani wale waliotoa fedha. Sanaa rasmi ya kifalme ya enzi hizo ilijaa ngao na nasaba. Hii imeiacha familia nje ya mlango. Kwa wakati ambapo kumkashifu Mtawala Mwakilishi kwa maandishi kuliweza kukupeleka jela, hiyo ni hukumu, ingawa sina hakika kama Wyatt mwenyewe, mtu wa kutafuta kazi kwenye kasri, aliiona hivyo.

Kuna wengine watatu wasiokuwemo, na hawa aliwataja mshairi Percy Bysshe Shelley. Tarehe 7 Novemba 1817, siku moja baada ya kifo cha Charlotte, wafanyakazi watatu, Jeremiah Brandreth, Isaac Ludlam na William Turner, walinyongwa kisha wakakatwa vichwa hadharani mjini Derby. Waliongoza uasi mdogo wa watu wenye njaa kule kijiji cha Pentrich mwezi Juni, uasi uliochochewa na jasusi wa serikali. Shelley aliandika kijitabu kinachoanza kama rambirambi za binti mfalme, kisha kikageuka. Aliuliza maelfu ya wanawake maskini wanaokufa hivyohivyo wakiacha watoto wanaliliwa na nani, halafu akasema msiba wa kweli wa taifa ulikuwa Derby, na maiti inayostahili maombolezo ya umma ni Uhuru.

Hoja yake ni kali na sehemu kubwa ni kweli. Lakini inachukulia kwamba machozi ni kama shilingi, ukiyatumia hapa yamekwisha kule. Sioni hivyo. Mfumaji aliyefunga utepe mweusi Novemba ile hakuwa lazima amewasahau wa Derby. Inawezekana alikuwa amepata, kwa mara moja, ruhusa ya kulia hadharani bila kuulizwa analia nini.

Kilichofuata

Mrithi hakuwepo tena, na wale baba wadogo wakaanza kukimbilia ndoa. Mwaka 1818 peke yake walioa watatu. Mmoja, Duke wa Kent, alimwoa dada yake Leopold, na Mei 1819 akazaliwa Victoria. Mwaka 1858 John Speke alifika kwenye kingo za Nyanza akaliita ziwa lile kwa jina la malkia huyo. Charlotte angepona, ramani zetu zingekuwa na jina jingine.

Leopold naye hakubaki mjane wa Surrey. Mwaka 1831 alitawazwa kuwa mfalme wa kwanza wa Ubelgiji, akaoa tena. Binti aliyempata alimpa jina la Charlotte. Mtoto wa kiume aliyemrithi ni Leopold II, yule aliyeifanya Kongo mali yake binafsi mwaka 1885. Historia haifuati uzi mmoja na simlaumu maiti wa Claremont kwa mateso ya wavuna utomvu wa mpira wa Kongo. Ila msomaji wa Kisangani au Lubumbashi ana haki ya kuutazama mnara ule kwa jicho tofauti na la mtalii wa Windsor.

Kabla ya kuondoka Uingereza, Leopold alikuwa na kumbukumbu yake mwenyewe. Katika bustani ya Claremont walikuwa wameanza kujenga kijumba cha kunywea chai, kwa mtindo wa makanisa ya kale. Kifo kilikikuta hakijakamilika, naye akaagiza kikamilishwe kiwe cha kumkumbukia mkewe. Huko hakukuhitajika malaika, maana aliyekuwa akiingia humo alimjua.

Waliochangia Windsor hawakuwa na kijumba wala kumbukumbu ya chai. Walihitaji kuonyeshwa, tena kuonyeshwa waziwazi kwamba mama na mtoto wako pamoja. Mimi ningekuwa kwenye kamati ningemwomba Wyatt aishie sehemu ya chini, avunje jukwaa la juu na kuturudishia chenji. Waliochanga wangenipinga kwa kura, na fedha zilikuwa zao.